Mwongozo kamili: kuondoa kutu na kupaka rangi behewa kuukuu la chuma, kwa wanaojitolea katika makumbusho ya reli

Malalamiko yanayorudiwa ni yaleyale. Behewa lilikwanguliwa, likapakwa rangi, likapigwa picha likiwa linang'aa, na kabla ya mwaka wa pili kwisha malengelenge yakatokea chini ya madirisha na kutu ikachungulia kwenye mistari ya ribiti (misumari minene inayounganisha mabati). Kikosi kikarudia kazi kwa rangi ya bei kubwa zaidi, na matokeo hayakubadilika.

Chanzo huwa si rangi. Mara nyingi sababu ni mbili: maji yanayoingia kutoka juu au kutoka ndani hayakuzuiwa kwanza, na ratiba ya watu haikulingana na tabia ya chuma. Wanaokutana mara moja kwa wiki hukwangua ubavu mzima leo na kupaka rangi ya msingi juma lijalo, ilhali chuma kilicho wazi huanza kushika kutu usiku huohuo. Mwongozo huu umepangwa kwa ajili ya kikosi cha namna hiyo, chenye siku chache na mikono ya viwango tofauti.

Kazi inayoelezwa hapa ni ya bodi ya chuma, yaani mwili wa behewa, peke yake. Boila, mfumo wa breki, magurudumu na ekseli vina kanuni zake na wakaguzi wake, na kikosi cha rangi hakipaswi kuvigusa ila kwa kuvifunika visiingiwe na vumbi.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya kila kitu kabla ya kuanza, kwa sababu kukatiza kazi ili kutafuta tina (kiyeyusha rangi) wakati chuma kiko wazi ni kuipa kutu nafasi.

- Usalama: kabari za magurudumu, bango au bendera ya onyo, jukwaa imara la kusimamia, barakoa zinazokaza usoni zenye vichujio vya daraja la P3, vichujio vya mvuke wa tina, miwani ya kinga, vizibo vya masikio, glavu za nitraili, ovaroli, turubai za plastiki, na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa.
- Vipimo: vifaa vya kutambua madini ya risasi kwenye rangi, kipimajoto cha uso wa chuma, kipima unyevu wa hewa, na kipimo chenye meno cha kupimia unene wa rangi mbichi.
- Kusafisha na kuondoa kutu: sabuni ya kuondoa grisi, maji safi mengi, vitambaa vyeupe visivyotoa nyuzi, vikwaruzo, patasi butu, brashi za waya za mkono, grinda yenye diski za msasa, na misasa ya namba 60, 80, 120 na 240.
- Rangi: rangi ya msingi ya epoksi (ya sehemu mbili zinazochanganywa ili zigande) yenye fosfeti ya zinki, rangi ya juu inayopatana nayo, tina iliyoagizwa na mtengenezaji, fila ya epoksi (ya kujazia vishimo), na gundi ya kuzibia ya poliurethani.

Nunua rangi ya msingi, rangi ya juu na tina kutoka kwa mtengenezaji mmoja, kisha uhifadhi karatasi za maelezo ya kila kopo. Takwimu za karatasi hizo ndizo sheria ya kazi. Pale zinapotofautiana na mwongozo huu, fuata karatasi.

Usinunue gundi ya kuzibia ya silikoni. Rangi haishiki juu yake, na mabaki yake yakipakazwa kwenye chuma kwa kitambaa huharibu eneo kubwa kuliko ufa uliokusudiwa kuzibwa.

## Hatua ya 1: Lizuie behewa lisisogee

Usitegemee breki ya hewa kulishikilia behewa lililosimama, kwa kuwa hewa huvuja polepole na breki hulegea bila dalili. Funga breki ya mkono, kisha weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu pande zote mbili za njia. Weka bango kwenye ncha zote mbili za behewa, na lisiondolewe na mtu mwingine isipokuwa kikosi kilicholiweka. Marekani kanuni za reli zimeliweka jambo hili wazi kabisa: ishara ya buluu ikiwapo, behewa halisogezwi wala haliunganishwi na jingine, na ni wale walioiweka tu wanaoruhusiwa kuiondoa. Hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, ufuate utaratibu huo.

Sasa funika masanduku ya beringi, matundu ya mafuta, silinda za breki na viungo vya mabomba kwa plastiki na tepu. Chembe za msasa zikiingia ndani ya beringi, zitaisaga mara behewa litakapovutwa tena. Andika orodha ya kila kitu kilichofunikwa, ili kila kimoja kifunuliwe mwishoni.

## Hatua ya 2: Pima risasi na tafuta asbesto

Chukulia kwamba kila behewa kuukuu lina rangi yenye risasi hadi kipimo kithibitishe vinginevyo. Pima mahali kadhaa, tena hadi tabaka la chini kabisa, kwa maana tabaka la juu linaweza kuwa salama huku rangi nyekundu ya msingi iliyo chini yake imejaa risasi. Rangi za msingi za manjano za zamani zinaweza kuwa na kromati ya zinki, ambayo inasababisha saratani. Nazo zishughulikiwe kwa tahadhari hiyohiyo.

Risasi ikithibitishwa, masharti haya hayana mjadala. Msasa mkavu bila kufyonza vumbi hauruhusiwi, na moto wa gesi hautumiki kabisa, kwa sababu joto hugeuza risasi kuwa moshi unaovutwa hadi ndani ya mapafu. Lowesha unapokwangua kwa mkono, unganisha grinda na mashine ya kufyonza vumbi, tandaza plastiki chini, na ukusanye mabaki kila jioni kwenye mifuko iliyofungwa na kuandikwa. Asile wala kunywa mtu yeyote eneo la kazi; mikono na uso vioshwe kabla ya chakula, na ovaroli zisipelekwe nyumbani. Watoto na wajawazito wasikaribie kabisa.

Asbesto, madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto ambayo vumbi lake huleta saratani, hupatikana nyuma ya mbao za kuta za ndani, kwenye vifuniko vya mabomba ya joto na karibu na majiko. Ukiona nyenzo ya nyuzinyuzi ya kijivu au nyeupe usiyoifahamu, simamisha kazi, funga eneo, na uwaite wataalamu wenye kibali cha kuiondoa. Kazi hii haifanywi kwa kujitolea.

## Hatua ya 3: Andika kabla ya kufuta

Rangi unayotaka kuondoa ni ushahidi wa maisha ya behewa, na ikishakwanguliwa hairudi. Hati ya Riga, iliyopitishwa mwaka 2005 na FEDECRAIL, shirikisho la Ulaya la reli za makumbusho, inasisitiza kwamba kila kazi ya matengenezo iwekewe kumbukumbu, na mtu yeyote aliyewahi kutafuta rangi halisi ya behewa lililokwisha kukwanguliwa anajua thamani ya sharti hilo.

Chagua mahali palipofichika jua, kama chini ya ubao wa namba au nyuma ya kitasa. Kwa msasa laini na maji, chimba kijishimo kipana chenye mteremko mdogo hadi kwenye chuma. Kila tabaka litaonekana kama pete. Kipige picha kwenye mwanga wa mchana pamoja na rula na kadi ya rangi, kisha linganisha kila pete na mfumo wa rangi unaojulikana kama Munsell au RAL. Namba na maandishi yanakiliwe kwenye karatasi inayopitisha mwanga, yakiwa na vipimo kutoka ukingo wa dirisha na kutoka chini ya bodi. Acha kipande kimoja kidogo kisichoguswa mahali pasipoonekana.

## Hatua ya 4: Tafuta njia ya maji na uifunge

Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua kama rangi itadumu. Malengelenge ya chini ya madirisha hayaanzii nje. Maji hupenya kwenye raba iliyokauka au fremu iliyolegea, yakashuka nyuma ya bati, yakakaa juu ya fremu ya chini pamoja na vumbi na takataka, na kutu ikala bati kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya nje, iwe nzuri namna gani, husukumwa na kutu inayokua nyuma yake, kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara kadhaa zaidi ya chuma kilichoizaa.

Anza juu. Mtu mmoja amwage maji kwa mpira, polepole na bila shinikizo, sehemu moja baada ya nyingine: maungio ya paa, matundu ya hewa, mfereji wa paa, kisha kila dirisha. Mwingine akae ndani na tochi, mbao za chini zikiwa zimefunguliwa pale inapowezekana bila kuzivunja. Kila mahali panapoloa patiwe alama kwa chaki na kuandikwa. Usianze na madirisha, la sivyo hutajua kama maji yaliyoonekana yalitoka dirishani au yalikwisha kuwa njiani kutoka paani.

Kisha tafuta matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya bodi na ndani ya milango. Mengi huwa yamezibwa na takataka, na mengine yamezibwa kwa rangi na kikosi kilichotangulia, jambo linalosikitisha kwa sababu waliofanya hivyo walidhani wanakinga chuma. Yazibue yote kwa waya mnene.

Badilisha raba, kaza fremu na uzibe maungio ya paa kwa gundi ya poliurethani. Pale ambapo alumini inakutana na chuma, weka kizuizi kati yake, ama utepe wa mpira au gundi hiyohiyo, kwani metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu moja huliwa haraka.

Utajua umefaulu pale jaribio la mpira litakaporudiwa na ndani pakabaki pakavu, huku maji yaliyomwagwa kwa makusudi nyuma ya bati yakitoka kwenye matundu ya chini. Hadi hapo, kopo la rangi lisifunguliwe, hata kama siku ya maonyesho imekaribia.

## Hatua ya 5: Osha kwanza, kwangua baadaye

Watu wengi hugeuza mpangilio huu. Ukisugua bati lenye grisi kwa msasa, unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo, na hapo haitoki tena kwa urahisi. Osha kwa sabuni kuanzia chini kwenda juu, kisha suuza kwa maji safi kuanzia juu kwenda chini. Suuza kwa wingi zaidi kama behewa liliwahi kukaa karibu na bahari au kubeba chumvi au mbolea, kwa sababu chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia rangi yenyewe na kuzaa malengelenge.

Baada ya kukauka, nyunyiza maji kidogo. Yakitandaa kama utando mmoja, uso ni safi. Yakijikusanya matonematone, grisi bado ipo.

## Hatua ya 6: Gawa ubavu, kisha uondoe kutu kipande kwa kipande

Chora kwa chaki vipande ambavyo kikosi kilichopo kinaweza kukwangua, kusafisha na kupaka rangi ya msingi siku hiyohiyo. Kwa watu wachache na vifaa vya mkono, kipande cha kati ya nguzo mbili za madirisha kinatosha. Mipaka ifuate maungio ya bati au mstari wa ribiti, ambako kiungo cha rangi hakitaonekana.

Panga saa kwa kurudi nyuma: ikiwa rangi ya msingi inahitaji saa nne kabla ya umande wa jioni, kukwangua kunakoma mapema kiasi hicho, hata kama kipande hakijaisha. Sehemu iliyobaki na rangi yake ya zamani ni salama kuliko chuma kilichoachwa wazi.

Anza na vikwaruzo na patasi kwa kutu ya magamba, kisha diski ya msasa namba 60 au 80 kwa mwendo mwepesi usiopasha bati joto. Brashi ya waya ya mashine naitumia kwa nadra sana na kwa sehemu ndogo tu, kwa maana hung'arisha kutu iliyobaki badala ya kuiondoa: uso unametameta na macho yanaridhika, lakini rangi haipati mikwaruzo ya kushikia. Kama hapana njia nyingine ya kufikia pembe, tumia brashi hiyo kisha upitishe msasa kwa mkono.

Nyundo ya hewa yenye sindano inafaa kwenye fremu nzito za chini, si kwenye bati la ubavu, ambalo litajaa vibonyeo. Kupuliza chembe kwa shinikizo kubwa nako hupindisha bati jembamba, na mchanga wa kawaida usitumiwe kamwe, kwa sababu vumbi lake la silika huharibu mapafu bila tiba.

Ribiti zinadai subira. Kutu hukaa kwenye ukingo wa kichwa cha ribiti na kati ya mabati mawili yaliyolaliana. Pitisha kikwaruzo chembamba kuzunguka kila kichwa, ufyonze vumbi, kisha brashi ya waya ya mkono. Kingo kali za bati zipunguzwe ukali kwa msasa hadi ziwe za mviringo kidogo, kwani rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali na kuacha utando mwembamba ambao ndio kutu hupitia kwanza.

Dawa za kugeuza kutu, zenye asidi ya taniki au ya fosforiki, zina kazi yake pale ambapo kutu nyembamba imebaki ndani ya vishimo. Juu ya magamba mazito hazifai, kwa kuwa hugeuza uso wa juu tu na kuacha kutu hai chini yake. Hakikisha pia kwamba mtengenezaji wa epoksi anaikubali dawa hiyo chini ya rangi yake.

Utajua umefaulu pale uso utakapokuwa na mng'ao wa chuma kila mahali isipokuwa ndani ya vishimo, na kitambaa cheupe kikipitishwa kisirudi na unga mwekundu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8501-1 huiita hali hiyo St 3, na karatasi nyingi za rangi hulitaja jina hilo. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri inaweza kubaki, ilimradi ukingo wake usuguliwe hadi kidole kisihisi ngazi.

## Hatua ya 7: Bati lililooza

Gonga taratibu kwa nyundo ndogo kwenye sehemu ya chini ya ubavu. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Pale palipotoboka, fila si tiba. Kata hadi kwenye chuma kizima na umwite fundi wa kuchomelea mwenye ujuzi wa bati jembamba, awe na mtu wa pili ndani ya behewa mwenye kizima moto, kwa sababu mbao na vumbi nyuma ya bati hushika moto polepole na kuwaka baada ya watu kuondoka. Ulinzi huo uendelee kwa saa kadhaa baada ya kuchomelea.

## Hatua ya 8: Rangi ya msingi

Pima hewa na chuma kabla ya kuchanganya. Unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa mfano, hewa ikiwa na nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80, umande hutua kwenye nyuzi 21 na kidogo, kwa hiyo chuma kikiwa na nyuzi 23 usipake, hata kama kinaonekana kikavu. Asubuhi, behewa kubwa hubaki baridi kwa muda mrefu kuliko hewa, na hapo ndipo wengi hukosea.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye tina, halafu ufute kwa kitambaa cha pili kikavu kabla tina haijapotea hewani. Badilisha vitambaa mara kwa mara.

Changanya sehemu mbili za epoksi kwa kipimo, si kwa macho, na usisubiri zaidi ya muda wa matumizi ulioandikwa kwenye karatasi. Rangi iliyopitisha muda inaweza bado kuonekana laini, lakini haitashika. Kwa brashi ndogo, paka kwanza kingo, ribiti, maungio na pembe peke yake, ukiisukuma rangi ndani. Kisha paka kipande kizima kwa brashi au rola.

Pima unene kwa kipimo chenye meno ukiwa bado unapaka. Hesabu ni rahisi: ikiwa unahitaji maikroni (sehemu za elfu za milimita) 75 zikikauka, na karatasi inasema rangi ina asilimia 60 ya kitu kigumu kwa ujazo, unagawa 75 kwa 0.6 na kupata maikroni 125 za rangi mbichi. Bila kipimo hiki, wapakaji wawili kwenye ubavu mmoja wataacha unene mara mbili tofauti bila yeyote kujua.

Sasa ratiba inarudi. Kila epoksi ina muda wa mwisho wa kupokea tabaka linalofuata. Kikosi kikirudi baada ya muda huo kupita, uso umekuwa mgumu mno, na tabaka jipya litabanduka kama ganda. Andika tarehe na saa kwa chaki kwenye tepu ya kila kipande. Muda ukiwa umepita, osha na usugue uso wote kwa msasa namba 120 hadi ufifie kabisa ndipo uendelee.

## Hatua ya 9: Fila, maungio na rangi ya juu

Fila ipakwe juu ya epoksi, si juu ya chuma kitupu, na iwe nyembamba. Isugue, kisha uifunike kwa tabaka jingine la epoksi. Maungio ya mabati yazibwe kwa poliurethani upande wa juu na pembeni, lakini ukingo wa chini uachwe wazi ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea.

Epoksi huchakaa na kuwa unga ikipigwa na jua, kwa hiyo isiachwe muda mrefu bila rangi ya juu. Sugua kwa namba 240, futa, na upake matabaka mawili membamba badala ya moja nene.

Rangi za juu za poliurethani zenye sehemu mbili zina isosaineti, kemikali za kugandisha rangi, ambazo zinaweza kuleta pumu ya kudumu. Kuzipuliza ni kazi ya fundi mwenye chumba maalumu na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Vichujio vya kawaida havitoshi. Kwa kikosi cha kujitolea napendekeza enameli (rangi ya mafuta inayong'aa) nzuri ya sehemu moja kwa brashi, iwapo mtengenezaji anaikubali juu ya epoksi yake. Haidumu kama poliurethani, lakini mtu yeyote anaweza kuitengeneza mwaka ujao bila hatari.

Usipake nyuso za magurudumu zinazokanyaga reli, nyuzi za skrubu za breki, pini za viungo wala matundu ya mafuta. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke au vitiwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji na kufunikwa; vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

## Hatua ya 10: Kukabidhi na kutunza

Rangi ikikomaa, chagua mahali palipofichika, chora kwa wembe vimiraba vidogo hadi kwenye chuma, bandika tepu yenye nguvu na uivute kwa haraka. Vimiraba vikibaki vyote, kazi imeshika. Vikitoka, angalia vimeachana wapi. Vikitoka na chuma kitupu nyuma yake, usafi ulikosekana. Vikitoka kati ya tabaka na tabaka, muda wa kupaka upya ulipita. Paka rangi mahali hapo tena.

Fungua kila kilichofunikwa katika hatua ya 1 ukifuata orodha, kisha msimamizi wa reli akague kabla kabari hazijaondolewa.

Mara mbili kwa mwaka, na hasa baada ya kipindi cha mvua, mtu mmoja azunguke na waya, tochi na kikopo kidogo cha rangi. Azibue matundu ya chini, aguse raba za madirisha, na akiona kidoa cha kutu akikwangue na kukipaka siku hiyohiyo, kisha aandike kwenye daftari la behewa namba ya dirisha lililo juu yake. Kidoa kikirudi mahali palepale mara ya pili, asipake tena. Achukue mpira wa maji na kurudi hatua ya 4.